Mashine ya Mawe ya Binti wa Komanda Kopo

Mama mpendwa, mama wa Safari wangu,

Mimi mkwe wako wa Ubelgiji nakusalimu. Umeamkaje? Je, goti lile linakuruhusu kupanda hadi shambani, au bado unashika fimbo? Na mihogo, mmeivuna, ama wenye silaha wamewatangulia tena? Sisi huku tuko wazima. Amani amenipita kimo, na akicheka ni Safari mtupu.

Shemeji Bahati, najua ni wewe unayemsomea. Usikimbilie mwisho. Mketishe Mama kwanza, mwite mke wako akae karibu naye, halafu usome polepole. Jambo hili si la kupayuka kwenye simu, ndiyo maana nimempa barua Papa Deo, mfanyabiashara wa Butembo anayerudi kupitia Goma.

Mama, nimemwona Komanda Kopo.

Ndiye yule wa barieri, kile kizuizi cha wenye silaha kwenye njia ya machimbo ya Bisie, aliyekuwa akiwatoza wabebaji mawe ya madini, kila gunia kopo moja la nyanya lililojaa. Siku ile Safari alikuwa na gunia mgongoni, mimi nyuma yake na sufuria ya maharagwe kichwani na Amani tumboni. Safari alikataa kutoa kopo la pili. Vijana wake wakampeleka nyuma ya kibanda, na Kopo akaniambia, "Songa, mama, bwana yako atakukuta mbele." Nikasonga, na Safari hakunikuta. Mpaka leo najichukia kwa kusonga.

Sasa sikiliza. Unajua nafanya kazi katika duka la vitu vya watoto. Meza ninayoisimamia ni ya kuuzia mawe. Wazungu huwanunulia watoto wao mashine ya kung'arisha mawe, Mama, usicheke. Ni kapipa kadogo. Unatia mawe, maji na unga mkali, umeme unakazungusha majuma manne bila kupumzika, na mawe yanatoka yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kila juma lina unga wake, wa kwanza unakwaruza, wa mwisho ni laini kabisa.

Jumamosi moja akaingia mwanaume mnene na binti wa miaka kama tisa. Binti alitaka mashine yake ya kwanza. Akachagua jiwe katika sanduku, akampa baba yake alione. Yule baba akalirusha kiganjani mara mbili, akalipima uzito huku amefumba jicho moja. Ndivyo Kopo alivyopima mawe yetu pale barierani. Uso umenenepa, nywele zimekwisha, lakini mkono ule ningeutambua popote. Yeye hakunitambua. Kwake tulikuwa masufuria tu yanayopita.

Akashika mashine ya pipa la plastiki, ile ya rangi nyingi. Naijua. Inapiga kelele, inavuja, na mkanda wake hukatika kabla ya juma kuisha. Roho ikaniambia, mwache aichukue, mtoto wake alie. Kisha nikafikiri vizuri. Ikiharibika ataileta, atarudishiwa pesa zake, na sitamwona tena. Nikamshauri, kwa Kifaransa safi, achukue ile ya pipa la mpira, imara, isiyosumbua nyumba. Nikamfundisha binti kujaza mawe hadi robo tatu, asichanganye magumu na laini, wala asimwage tope lake kwenye bomba la jikoni, maana linaganda kama simenti. Lakini katika katoni nilimwachia unga wa kwanza peke yake. Pakiti tatu nilizitoa. "Hizi nitakutunzia, usije ukazichanganya," nikamwambia binti. "Uje kila Jumamosi."

Jumamosi ya pili walikuja. Nikamwuliza yule baba kwa Kiswahili chetu, "Papa, ulikuwaka njia ya Bisie?"

"Miye? Hapana. Miye niko mutu ya Kisangani."

Nikampa binti unga wa pili, nikatabasamu.

Jumamosi ya tatu nikamwuliza, "Na ile kopo ya nyanya, uliiachaka wapi?"

Akaishika meza yangu kwa mikono miwili. Binti akauliza, "Papa, anasema nini?"

"Anasema mawe yako ni mazuri."

Mama, nilifurahi, sitakudanganya. Jasho lake lilinishibisha kuliko chakula. Binti yule hana kosa, hata ananishika mkono na kuniita Mama wa Mawe. Lakini yeye ana baba wa kumnunulia mashine, na Amani wangu ana picha.

Mara ya nne aliingia peke yake, binti amebaki garini.

"Unipatie ile unga, dada. Mutoto anaingoja."

"Hata miye nangoja. Safari wa Kibua iko wapi? Useme, ao naenda pale garini namuambia mutoto yote kwa Kifaransa."

"Mutoto hapana. Nakuomba."

"Basi, useme."

Akasema. Mama, shika mkono wa Bahati. Mwanao alikufa siku ile ile, hata kabla sijafika mtoni kule mbele. Yuko nyuma ya barieri, upande wa kushoto ukipanda, chini ya jiwe kubwa lenye mstari mweupe. Walimlaza na shati lake la bluu. Nilimtaka arudie mara tatu, na hakugeuza neno. Njia ikitulia, Bahati aende na wanaume wa ukoo wamlete nyumbani.

Kisha akalia, akaniuliza kama nitamsamehe. Nikamtupia unga wake kifuani. "Si miye nilimuzaa," nikamwambia. "Mama yake iko, umuombe yeye." Nikamwandikia namba ya simu ya katekista wenu, naye atakupa simu uishike. Ataanza kupiga baada ya Pasaka, barua hii ikiwa imeshafika, kila Jumapili misa ikitoka. Akikosa hata moja, katekista ataniambia, na binti atajua.

Nisalimie mke wa Bahati, aliyenifungia mizigo nilipoondoka. Nisalimie katekista, na shangazi yake Safari anayetunza mbuzi wetu. Amani anakukumbatia.

Mama, kumsamehe au kutomsamehe ni shauri lako. Mimi sijamsamehe, wala sitaki. Nakuomba kitu kimoja tu. Simu ikilia, iweke magotini pako na usiipokee. Jumapili inayofuata pia, usiipokee. Aisikie inalia, asijue kama kuna mtu huko. Wewe umekaa hivyo ukingoja tangu Amani hajazaliwa.

Ni mimi, mke wa mwanao mpaka leo,
Furaha, mama Amani