Wimbo wa Mzee Avram Umetiwa Maneno

Jumamosi. Theluji imekataa kuisha, na mimi nimekataa kula.

Asubuhi dada yangu wa Louisville alinitumia video. Kwaya yao imevaa sare, kinanda kinalia, wanaimba. Nikautambua wimbo palepale. Mchana ikaja nyingine kutoka Reynoldsburg, kule Columbus, safari hii na ngoma na vigelegele.

Ule ni wimbo wa Mzee Avram.

Mzee Avram ni Myahudi, anaishi Kenmore, kitongoji cha jirani, na ndiye aliyenifundisha kupiga gitaa kwa vidole: kidole gumba kinashika besi, vingine vinaimba. Wimbo huo aliachiwa na baba yake. Hauna maneno. Kwao zipo nyimbo za namna hiyo, sauti tupu, na yeye anasema ile sauti ndiyo sala yenyewe. Mwezi uliopita niliupiga mazoezini, nikiringa kidogo, na Mama Furaha, kiongozi wa kwaya yetu hapa Buffalo, akanikatiza kwa Kiswahili chake cha Kongo chenye Kifaransa ndani.

"Bon, huu wimbo haina maneno, batu bataimba nini? Donc tunatia Yesu ndani, inakuwa ya kwetu."

Ningeweza kukataa. Lakini ulitoka mtamu, jamani! Nikaendelea kupiga. Mtu akaturekodi kwa simu, na sasa hakuna wa kuurudisha.

Kesho tunauimba ukumbini Grant Street, na Mzee Avram anakuja. Nilimwalika mwenyewe, kabla ya hayo maneno. Leo ni Sabato yake, simu ameizima mpaka giza liingie, na nakiri hilo lilinipa ahueni. Nikajiambia nitampigia jioni. Ila najijua, jioni ningepata kisingizio kingine. Nikapanda basi.

Alinifungulia akitabasamu, akidhani nimekuja kumsalimu tu. Nilimweleza yote nikiwa bado na koti mwilini. Kisha nikatoa simu nimwonyeshe.

"Leo hiyo haiwashwi humu ndani, kijana wangu," alisema. "Imba wewe."

Niliogopa kweli. Niliimba beti zote mbili, jina la Yesu likipita katikati ya sebule yake, macho yangu kwenye zulia. Hakunikatiza.

"Sasa uimbe nilivyokupa."

Nilianza vizuri. Nilipofika pale sauti inapopanda, maneno ya Mama Furaha yakaingia yenyewe. Nikarudia, yakaingia tena. Mara ya tatu nilinyamaza katikati.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Humo nilikuwa namsikia baba yangu," alisema. "Sasa nitawasikia ninyi."

Nilimwomba radhi, na nilipokuwa naitamka niliona jinsi ilivyo ndogo. Alinisindikiza hadi mlangoni, akanifungia zipu ya koti kama mtoto.

"Kesho sitakuja. Jumatatu njoo na gitaa. Tuone kama vidole navyo vimesikia maneno."

Nimesharudi nyumbani. Gitaa liko kwenye kiti na sijaligusa. Kesho nitamwambia Mama Furaha waimbe bila mimi. Atanuna mbele ya watu wote, na anune.

Kesho naiweza. Jumatatu ndiyo ninayoiogopa.