Kilichokutwa Kwenye Dampo la Seva

Ghorofa ya pili,
Juu ya duka la vioo.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Habari za huko? Mgongo umeacha kukusumbua, au bado unanyanyua mizigo kama kijana? Shemeji na wanao hawajambo? Sisi ni wazima, ila mimi nina kinyongo, na nakimwaga chote kwako kwa sababu uko mbali na huwezi kunikatiza.

Unaikumbuka ile programu ya mapokezi niliyoitengeneza bila shule ya kompyuta wala mtu wa kunishika mkono. Zahanati inayoitumia ndiyo mteja wangu mkubwa. Wakiniacha, nafunga ofisi.

Basi mwezi uliopita ikaanza kuanguka. Inafanya kazi vizuri, ghafla kimya, foleni nzima imesimama. Daktari mkuu akanigeukia mbele ya wagonjwa: "Ndugu yangu, chombo chako kikianguka tena, kibebe uende nacho." Miaka yote kilipokuwa hakikohoi, nani alinipa hata pole na kazi?

Sasa seva, ile kompyuta kuu inayoendesha programu, ikifa, Dada, hutema faili lenye kila kitu ilichokuwa nacho kichwani wakati ule. Sisi mafundi tunaliita dampo. Nikilitafuta silioni. Kumbe fundi wa pale, kila ikianguka, analifuta kwanza ndipo anaiwasha.

"Kwa nini unafuta?"

"Bosi, si umeandika dampo? Nikajua taka."

Nilitaka kugomba, nikacheka. Nikamsihi: safari hii usifute, usiwashe, niite.

Ilianguka siku ya kliniki ya wazee. Nikalibeba faili hadi ofisini, nikalifungua. Nilitegemea vurugu tupu. Nikakuta majina matatu: mtoto mdogo, mama yake, bibi yake. Kisha mtoto tena, mama, bibi. Nikaiambia kompyuta ihesabu. Zaidi ya mizunguko elfu thelathini, bila kukosea hata mmoja, hadi kumbukumbu ikajaa na seva ikakata roho. Niliinuka kwenye kiti. Sikuweza kukaa.

Programu hiyo hupanda ukoo wa mgonjwa kutafuta magonjwa ya kurithi. Inatoka kwa mtoto, inakwenda kwa mama, kwa bibi, mpaka wazazi waishe. Hapa hawakuisha. Mama wa yule bibi ameandikwa kuwa ni mjukuu wake!

Nikamfuata karani wa mapokezi, mama mmoja mcheshi. Akakumbuka mara moja.

"Nilimuuliza bibi, mama yake anaitwa nani, akanitajia. Kompyuta ikaniletea mtoto mwenye jina hilohilo. Nikamwambia, bibi, mbona huyu ni mjukuu wako? Akampakata mtoto aliyekuja naye, akasema, 'Ndiye huyohuyo mama yangu, karudi.' Mimi ni nani nimbishie, nikabonyeza."

Nimeongeza mistari minne tu: ikikutana na mtu iliyekwisha kumpita, isimame. Haijaanguka tena. Daktari mkuu hajaniomba radhi, lakini jana kanipa mkono na kuniambia, "Chombo kibaki." Nimechukua hicho hicho.

Kazi imepona, Dada, ila mimi sijapoa. Karani alimsikia bibi akimwita mtoto mama, mimi nikasimuliwa, sote tukatabasamu, tukaendelea na kazi. Seva peke yake ndiyo iliyomwamini. Ikaenda kumtafuta huyo mama yake, ikapita kwa binti, ikarudi kwa bibi, ikaanza tena, wala haikusema nimechoka, mpaka ikafa.

Nisalimie Shemeji, wabusu mapacha, na umwambie Shangazi bado ninamsubiri aje kuniona. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo. Na uandike, hata mistari minne.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata usipojibu.