Mbwa Anayeitwa Mtakoma

Jumatatu, 3 Februari

Kandambili tena. Moja, ya kushoto, ya Mama Sabina wa chumba cha pili. Nimeikuta chini ya kitanda, kisigino kimetafunwa. Nikaiosha, nikairudisha mlangoni kwake kabla hajaamka. Nimevuka uwanja kwa kunyata kama mwizi, na huu ni mwaka wa tatu naishi hapa Bweri, Musoma.

Mbwa anaiba viatu, paka anaiba chakula. Sista amefunua sufuria ya maziwa, amekunywa, akalala palepale jikoni na masharubu meupe. Tulimwita Sista kwa sababu ni wa kijivu na shingo yake nyeupe kama ya mtawa. Tabia za utawa hana hata moja.

Nimeenda kibandani bila chai. Nimechapa barua tatu, nimetoa kopi za vitambulisho. Leo nimeongea na wateja tu.

Alhamisi, 6 Februari

Naandika hili nisije nikajidanganya baadaye.

Mwaka jana mume wangu Magesa alikaa miezi minane bila kazi. Mimi nachapa mjini, yeye anapika, anafua, anaanika. Siku hiyo alikuwa anaanika gauni langu. Akamsikia Mama Sabina pale bombani: "Yule binti anafugaga mume." Wanawake wakacheka. Magesa akamaliza kuanika. Wiki iliyofuata akarudi kutoka Guta na kitoto cha mbwa kwenye boksi la sabuni. Akasimama katikati ya uwanja, akapaza sauti kama mnadani: huyu anaitwa Mtakoma.

Jioni ile tulicheka mpaka ugali ukaungua. Asubuhi nikamwamkia Mama Sabina, hakuitika. Miezi saba sasa. Yeye ndiye alikuwaga ananisuka kila Jumapili, ndiye alinifundisha kukausha furu, vile visamaki vya ziwani, wasitoe funza. Siku hizi nafunga kitambaa.

Magesa alipata kazi Bunda, kwenye stoo ya pamba. Amepanga chumba huko. Jina alitoa yeye. Kuliita naliita mimi. Kila asubuhi nafungua mlango na kuwaambia majirani wote kwamba watakoma.

Anayeitika salamu kule ni mzee tu, baba yake Mama Sabina. Hasikii vizuri. Anashinda kwenye kiti mlangoni, anamrushia mbwa vichwa vya furu. Jina linamchekesha. "Mtakoma we!" anasema, na meno yake mawili.

Jumamosi, 8 Februari

Magesa hakuja. Stoo ina mzigo.

Nilishapika sato mzima. Nimekula mkia. Sista amekula kichwa. Mtakoma amekula mfuko uliobebewa samaki.

Jumapili, 16 Februari

Kwa kuwa haji, nimemfuata. Bunda, kwenda na kurudi.

Chumba chake kina kitanda, ndoo, kikombe kimoja. Tumekunywa chai kwa zamu. Nimefurahi kumwona, nisiseme uongo. Amenenepa kidogo. Tulipotoka kununua nyanya kila mtu anamwita Bosi. Anatembea kifua mbele, anatania wauza nyanya. Sijawahi kumwona hivyo Musoma.

Nikamwomba tubadilishe jina la mbwa. Nikamweleza ninavyoishi. Akakunja uso. "Nikibadilisha, nimekubali walichosema." Basi. Akaanza kuongelea pamba.

Njiani kurudi nimeelewa. Hanikwepi mimi. Anaukwepa ule uwanja, maana ule uwanja ulimwona anaanika gauni. Bunda hakuna aliyemwona. Sawa. Lakini mimi niko uwanjani.

Nimekuta Sista ametoboa wavu wa dirisha. Shimo la kupita paka.

Jumatano, 19 Februari

Nimeanza kumwita mbwa Tomi kwa siri. Siku tatu. "Tomi, njoo." Hageuki. Nimeita na kipande cha dagaa mkononi. Amekuja Sista.

Wavu nao umechanika zaidi. Mtakoma anaumalizia kwa meno. Hao wawili wanasaidiana uharibifu, usiku wanalala wamekumbatiana. Nawaonea wivu. Mtu mzima mimi, nawaonea wivu wanyama.

Jumatatu, 24 Februari

Mzee amefariki.

Nilisikia kilio ukutani kabla ya kengele ya kanisa. Nikajifunga khanga, nikaenda. Mama Sabina alinipa ncha za vidole, macho kando. Nimeingia kwa wanawake kumenya ndizi. Nilienda na kisu changu, nilijua hakuna atakayenipa. Saa tano nzima nimemenya. Wanapitisha maji, wananiruka.

Sikwenda kwa ajili ya kusemeshwa. Nilimpenda yule mzee.

Jumanne, 25 Februari

Kaka yake Mama Sabina ameleta kibandani wasifu wa marehemu, umeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Nimeuchapa mara mbili, nikarekebisha, nikaupanga vizuri. Mzee alichunga ng'ombe Nyamuswa ujana wake wote. Alifiwa na mke mapema, hakuoa tena. Hilo sikulijua. Nimelia juu ya kibodi, mteja mmoja akaondoka.

Nimempigia Magesa. Kesho wanamsafirisha mzee kwenda kuzikwa kwao Majita, sala ni hapa uwanjani. Nimemwambia njoo. Msiba wa jirani, mwanaume aonekane. Amesema atajitahidi.

Namjua akisema atajitahidi.

Jumatano, 26 Februari

Hakuja.

Nilimfungia Mtakoma ndani. Mlango na komeo. Nikasahau dirisha.

Katekista anasali. Watu wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, viatu wamevua pembeni. Wageni wa Majita wamejaa. Kimya. Mimi nipo kwenye masufuria. Namwona mbwa anapita katikati ya mikeka, taratibu, kiatu cheusi cha mwanamke mdomoni. Anaelekea kwenye jeneza.

Sikufikiri. Mdomo ulifunguka wenyewe. "Mtakoma! Njoo hapa! Mtakoma! Mtakoma!"

Mara tatu. Mbele ya maiti.

Hata waliokuwa wanalia walinyamaza. Shangazi yake Mama Sabina, mama wa Majita mwenye kile kiatu, akasimama miguu peku. Anauliza ni nani anayewatishia msibani. Mtu akamjibu kwa sauti ndogo, ni jina la mbwa, shangazi.

"Na mbwa kajipa mwenyewe?"

Mungu wangu. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mama Sabina aliniangalia. Nilitegemea hasira. Ilikuwa uchovu tu, na hiyo ndiyo imeniumiza. Mbwa alikuwa ameshalala kando ya kile kiti cha mzee, anatafuna.

Gari la maiti limeondoka saa nane. Hakuna aliyeniambia panda. Nimebaki na masufuria. Nimeyasugua yote peke yangu, hata yasiyo yetu.

Alhamisi, 27 Februari

Sijatoka.

Jumapili, 2 Machi

Mwenye nyumba amekuja baada ya ibada. Amesimama mlangoni, hakukaa. Mbwa aondoke kabla ya Jumapili ijayo. Asipoondoka, tuondoke wote.

Nimempigia Magesa, nikamsimulia ya msibani. Akacheka. Akacheka kabisa, mpaka akakohoa. Nilimkatia simu. Nilimchukia kama dakika kumi hivi. Halafu nikatamani apige tena.

Alipiga saa kumi. Sauti imeshuka. Anasema mbwa apelekwe Butiama kwa mama yake, Jumamosi atakuja kumchukua mwenyewe. Mama mkwe amekubali, kuna banda la mbuzi. Ameniambia kwenye simu, "Mlete tu, mwanangu, huku tutamwita Wewe."

Kwa hiyo nitabaki na Sista. Na Sista anapenda dirisha kuliko mtu.

Sitaki aende. Anatafuna, anaiba, ananitia aibu, lakini nikifungua mlango jioni ndiye pekee anayeruka kwa furaha kwamba nimerudi. Nimeandika, sasa limetoka.

Jumatano, 5 Machi

Mama Sabina amerudi jana kutoka Majita. Amenyoa kichwa.

Mtakoma anashinda mlangoni kwake. Analala pale kiti kilipokuwa, anatazama mlango. Sijui kama anamsubiri mzee au vichwa vya furu. Nadhani vichwa. Nimemvuta mara mbili kwa kamba, kimyakimya, bila kumwita. Amerudi mara mbili. Mara ya tatu nimemwacha, nimeingia ndani nikijisemea hewala, zimebaki siku tatu.

Jumamosi, 8 Machi

Magesa hakuja. Ametuma ujumbe saa mbili asubuhi, kuna ukaguzi stoo. Sikumjibu.

Nimeita bodaboda wa kunipeleka Butiama na mbwa kwenye kikapu. Nimechukua kamba. Mbwa hayupo. Nimezunguka choo, bomba, nyuma ya nyumba. Bodaboda anapiga honi, anasema dada, muda. Sista amekaa juu ya ukuta, anaangalia mlango wa Mama Sabina. Nikajua.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Yuko ndani, chini ya kitanda cha mzee, pua tu inaonekana. Kupiga hodi niliogopa. Kumwita ndiyo kabisa. Nimesimama kizingitini na kamba mkononi, nusu saa ya maisha yangu, labda ilikuwa dakika mbili.

Mama Sabina alikuwa anakunja mashati ya baba yake. Hakugeuka.

"Mwache."

Nikafikiri nimesikia vibaya. Nikasema shikamoo. Hilo tu ndilo lililopatikana.

"Marahaba. Mwache hapo. Mwenye nyumba nitaongea naye mimi." Akakunja shati jingine. "Alikuwa anamcheka sana huyu. Baba. Alikuwa hachekagi."

Nilitaka kusema mengi. Kwamba ni jina tu. Siyo jina tu, wote wawili tunajua. Nikasema, "Mama Sabina, naomba unisamehe." Amechukua shati la tatu. Nikarudi nyuma, nikamwomba radhi bodaboda, nikalia jikoni mpaka masikio yakauma.

Jumapili, 9 Machi

Mwenye nyumba hakuja.

Nimempigia Magesa mwenyewe. Nimemwambia mbwa anabaki. Nimemwambia na la pili: hapa uwanjani hakuna anayekukumbuka unaanika gauni, wanakukumbuka hukuja kuzika. Nilidhani salio limeisha. Amesema atakuja Pasaka. Sijui. Sikumwambia karibu wala usije.

Jumanne, 11 Machi

Nimerudi kutoka kazini mapema, umeme ulikatika mjini. Mawingu yametanda upande wa ziwa. Nimeosha vyombo, nimeshona wavu wa dirisha kwa uzi wa gunia. Sista ameutazama kama fundi anayetafuta pa kuanzia.

Saa kumi na moja nikasikia sauti nje. Sauti ya Mama Sabina. Haina hasira, haina chochote, sauti ya mtu mwenye sahani mkononi.

"Mtakoma. Mtakoma, njoo ule."

Sijawahi kulisikia jina hilo likitoka upande ule tangu mzee aondoke. Nimechungulia. Mbwa anakula, mkia unapiga ukuta. Mama Sabina amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha, kichwa kipara, anamwangalia.

Nikachukua kigoda changu, nikatoka. Nimekaa mlangoni kwangu, yeye kwake. Hakuniita. Lakini hakuingia ndani, na mimi sikuingia, mpaka mvua ilipoanza.