Kipulizio cha Nyamu

Githongo, 12 Februari 1955

Dada yangu Wambeti,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila baridi ni kali. Magoti yako je? Mwanao Nyamu ameingia kwenye bendi yangu hapa shuleni. Nilitaka kumpa ngoma, lakini mwaka huu nimeamua kila mwanafunzi achague chombo chake mwenyewe, hata kipulizio, kile kikombe kidogo cha shaba kinachokaa mdomoni. Nyamu amechagua tarumbeta. Walimu wenzangu wananicheka, eti nitapata tarumbeta kumi na ngoma moja. Wacha wacheke. Mtoto akijichagulia hahitaji kusukumwa.

Ndugu yako,
Gichovi

Embu, 3 Machi 1955

Mwalimu ndugu yangu,

Barua yako imefika, imefunguliwa na kubandikwa tena, kwa hiyo nawasalimu pia walioisoma kabla yangu. Magoti yananiuma kwa kuchimba handaki la kuzingira kijiji wanalotulazimisha askari, lakini napumua. Gichovi, mpe mtoto ngoma. Ngoma hulala stoo ya shule, hairudi nyumbani na mtu. Mtoto wa miaka kumi na sita anajua kuchagua nini? Sisi watu wazima huku hatuchagui hata saa ya kuchota maji. Mwanarusi, mke wa muuza nyama, ndiye anayeniandikia, na yeye anasema hivyo hivyo.

Dada yako,
Wambeti

Githongo, 2 Aprili 1955

Dada mpendwa,

Pole kwa magoti. Ngoma ameichukua mwenzake, Mbaabu. Ningempokonya Nyamu tarumbeta angelia. Wiki ijayo tunafunga shule. Tarumbeta zinabaki, ila kila mmoja anakwenda na kipulizio chake aupe mdomo mazoezi. Atakusumbua kwa milio ya bata. Mvumilie tu.

Ndugu yako,
Gichovi

Embu, 14 Aprili 1955

Gichovi,

Salamu baadaye. Homugadi, hawa walinzi wa serikali, walimpekua Nyamu kwenye geti la kijiji, wakakuta lile dude la shaba mfukoni. Wanasema ni kipande cha bunduki za wapiganaji wa msituni. Unajua wanaopatikana na bunduki hufanywa nini. Watamnyonga, Gichovi! Nimewaambia ni kitu cha bendi, wakaniuliza bendi ya nani. Barua ya shule hawaitaki, ati karatasi huandikwa na yeyote. Njoo na tarumbeta yenyewe waone kinavyoingia. Naogopa sana.

Dada yako,
Wambeti

Githongo, 19 Aprili 1955

Dada,

Silali. Nimenyimwa pasi ya kusafiri mara mbili, leo nimepewa. Nitafika Jumamosi na tarumbeta. Barua hii naipa dereva wa lori la kahawa ikufikie upesi. Waombe wamwache Nyamu akipulize hicho kipulizio peke yake. Kinalia hata bila tarumbeta, na hakuna kipande cha bunduki kinacholia. Anaweza. Katika bendi nzima hakuna anayemfikia.

Ndugu yako,
Gichovi

Embu, 22 Aprili 1955

Gichovi,

Niliwaomba. Mkubwa wao akasema haya, kikilia aende nyumbani. Wakamleta uani. Kumbe siku zote hizo walikuwa wanampiga kinywani ili aseme bunduki iko wapi. Midomo ilikuwa imepasuka, imevimba, na meno mawili ya mbele hayapo. Akapuliza. Ikatoka pumzi na damu. Akaniangalia, akajaribu tena. Wakacheka, wakamrudisha ndani, na kipigo nikakisikia nikiwa nje.

Leo asubuhi wameniita nikachukue nguo zake.

Hao watoto waliobaki kwako, wagawie vyombo mwenyewe. Usiwaulize wanataka nini.

Mama yake Nyamu