Babu Asifutwe

Jumatatu, 17 Julai 1972
Omaha inaungua kwa jua, ila chumba cha kompyuta baridi kama friji ya bucha. Bi. Novotny, mkuu wetu, kaagiza mimi mtunza tepu nipange upya namba za mistari yote ya programu inayopanga mabehewa ya reli. Hapakuwa tena na nafasi ya kuchomeka mistari mipya. Nimefanya. Kila mtunga programu nimempelekea chapa mpya ya karatasi. Vern Haskell kaikataa — ya zamani ina alama zake za penseli. Nilitaka kumwambia namba zile hazifai tena. Nikaichukua chapa yangu, nikaondoka.

Jumanne, 18 Julai
Haskell kaleta kadi ya kutoboa, ya kuiamuru mashine: futa kuanzia mstari huu hadi ule. Nikauliza, kwa sauti ya panya, kama namba ni za chapa mpya. Akanicheka mbele ya wote. "Wee Marlys, programu hii nimeiandika wewe bado unanyonya. Tia kadi!"
Nikatia. Mashine haijui maana, inafuata namba tu. Ilifuta bila hata kukohoa.

Jumatano, 19 Julai
Duane naye kaleta mabadiliko, kadi chache. Yameingia.

Alhamisi, 20 Julai
Balaa! Mabehewa ya ng'ombe yamepangwa na ya makaa, yakaachwa njia ya pembeni. Ng'ombe hai, jua hili, bila maji! Nimelinganisha chapa: kilichofutwa ni ile sehemu inayotambua mizigo yenye uhai. Mistari mia tatu! Haskell kamwambia Bi. Novotny kwamba mimi ndiye niliyechanganya kadi. Mama yule kanitazama tu, kaenda zake kwenye reli. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 21 Julai
Programu hii ina tepu tatu tu, toka toleo kongwe hadi jipya: babu, baba, mwana. Mabadiliko yakiingia, mwana mpya anaandikwa juu ya babu, na babu ndiyo basi. Mwana wa leo mbovu. Baba mbovu. Babu ni wa Jumatatu — mzima!
Na Haskell kaja na kiraka chake, kadi za kuziba pengo. Anataka tepu ya babu sasa hivi, aandike mwana mpya juu yake. Nikamwambia turudi kwa babu, tuongeze kadi za Duane, mashine iwatambue ng'ombe, watoke leo. Tukimfuta, ni kutoboa upya kadi za mistari yote mia tatu.
"Nani kakuuliza?"
Duane akasema, "Vern, mwache dada amalize."
"Dada yako huyo ndiye anayeua ng'ombe!"
Ng'ombe wawili wameshakufa, wanasema. Bi. Novotny yuko huko kwenye reli, kwa simu hapatikani.
Naandika haya nikiwa stoo ya tepu. Nimejifungia. Babu yuko mapajani, chini ya sweta. Haskell anagonga — nifungue, la sivyo nikusanye vyangu niende.
"Sikupi!"
Ni mimi niliyesema hivyo?
Sasa anamuuliza Duane ufunguo wa pili uko wapi. Duane anamjibu, "Muulize Bi. Novotny."