Kadi ya Jiwe la Liwa

Jumatano

Ningejua, nisingempeleka Shangazi makumbusho ninakofanya kazi, kuliona lile jiwe la kusagia liwa, msandali wa kumpaka bi harusi. Kadi ya maelezo yake nimeiandika mwenyewe: bibi yake Baba, bi harusi wa ukoo wa Kiomani, alisingwa, akasuguliwa mwili mzima kwa liwa iliyosagwa juu ya jiwe hilo. Ndivyo Baba alivyonieleza alipolileta.

Nilimsomea Shangazi kadi yote. Akaweka kiganja pale katikati palipolika, akakizungusha polepole. Kilikaa sawasawa.

"Bibi yetu hakusingwa, mwanangu. Alikuwa mjakazi. Yeye alisaga, wakasingwa wengine. Mimi kanifundisha kusaga mwenyewe, kule Moa."

"Baba anajua?"

"Alikuwa mdogo. Mwache."

Nimwacheje? Ijumaa baada ya swala anawaleta wakwe zangu watarajiwa, waione asili yetu. Nikibadilisha kadi, namwaibisha Baba mbele za watu. Nikiiacha, nitakuwa nimemfuta yule bibi kwa mwandiko wangu.

Na usingizi hauji, kwa sababu nimekumbuka jinsi Baba alivyonihimiza niibandike kadi kabla Shangazi hajafika kutoka Moa.