Waya Anao Mama

Kaka fundi,

Chakula kimo kwenye sufuria, pasha mwenyewe. Waya wa mtandao usiutafute.

Wiki tatu unamwambia Mama kompyuta inazimika kwa sababu anaigusagusa, mpaka ameacha kuwaandikia wajukuu. Leo asubuhi nimeuchomoa waya. Imefanya kazi saa nzima bila kukohoa. Nimeurudisha, ikaganda na kuzimika kabla chai yangu haijapoa. Mchawi ni ile programu yako ya kugawana filamu, inayokaribisha wageni mia tano wa mtandaoni kwa mpigo, waje kuchota filamu, kwenye kompyuta iliyostahili kustaafu.

~~Nimefuta filamu zako zote.~~ Nimewapunguza wageni hadi ishirini, nikajaribu tena, haikuzimika.

Waya anao Mama. Ukiutaka, kamwombe radhi kwanza, kwa mdomo wako.

Mdogo wako, yule asiyejua kompyuta